Dia, Fidia na Kisasi: Malipo ya Damu katika Visiwa vya Wabajuni na Pwani ya Kisimayu

Katika kazi za wanafunzi wetu neno dia limeanza kutoweka. Wapo wanaolidhani kuwa ni fidia iliyokatwa kichwa, na wapo wanaolifuta kabisa wakiamini kuwa ni kosa la chapa. Ukweli ni kwamba maneno haya mawili hayana udugu. Fidia imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti f-d-y, ambao maana yake ni kukomboa. Dia imetokana na mzizi w-d-y, na maana yake tangu asili ni malipo wanayopewa jamaa wa mtu aliyeuawa. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 inalo neno hilo kwa maana hiyo, na ile ya Johnson ya mwaka 1939 vilevile. Siku hizi fidia imemeza yote: nyumba ikibomolewa kupisha barabara ni fidia, basi likipinduka ni fidia, mfanyakazi akikatwa kidole na mashine ni fidia. Dia imebaki vitabuni na vinywani mwa wazee.

Katika makala haya tunakusudia kulirudia neno hilo mahali ambapo lilikuwa na uzito wa uhai na mauti, yaani visiwa vya Wabajuni na pwani ya Kisimayu, kusini mwa Somalia. Tumepachagua huko kwa sababu ndipo mahali ambapo Kiswahili kilikaa uso kwa uso na Kisomali kwa karne kadhaa, na ambapo sheria mbili za damu, moja ya kitabuni na nyingine ya ukoo, zilikutana katika mji mmoja. Tutaona kwamba zote mbili zilitaja ngamia 100. Lakini kupata ngamia hao, au thamani yao, kulitegemea swali jingine kabisa: ni nani anayesimama nyuma yako?

Kwanza mahali penyewe. Visiwa hivi vimepangana sambamba na pwani kutoka Kisimayu kwenda kusini hadi karibu na Rasi Kiamboni, mpakani mwa Kenya. Vikubwa miongoni mwa vile vinavyokaliwa ni Koyama, Chovai na Chula. Bara, mkabala wake, kuna Buri Kavo. Jina la Kisimayu lenyewe husemwa kuwa ni kisima yuu, yaani kisima cha juu, nasi twajua kwamba lahaja za kaskazini husema yuu pale tusemapo juu. Wakazi wa visiwa ni wavuvi, mabaharia na wajenzi wa vyombo. Ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Na lahaja yao ni Kibajuni, ambayo wanaisimu wengine huiita Kitikuu. Bara ni nchi ya wafugaji wa Kisomali wenye ng'ombe na ngamia.

Kitabu kilichotegemewa na makadhi wa Kishafii wa pwani yetu ni Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Kilikuwa na nguvu kiasi kwamba Waingereza walikichapisha kwa lugha yao mjini London mwaka 1914, ili mahakimu wao wapate pa kushika. Ndani yake umo mlango mzima wa dia, na anayetaka kuelewa namna watu wa pwani walivyoufikiria uhai wa mtu ni vema aanzie hapo kabla ya kwenda kwa wasafiri wa Kizungu.

Mlango huo unayagawa mauaji katika mafungu matatu: ya makusudi, yanayofanana na ya makusudi, na ya bahati mbaya. Aliyeua kwa makusudi anakabiliwa na kisasi. Jamaa wa maiti wakisamehe kisasi na kutaka mali, basi muuaji hulipa dia nzito peke yake, kwa mali yake, papo hapo. Aliyeua kwa bahati mbaya hadaiwi kisasi. Dia yake ni nyepesi, nayo hailipi yeye. Inalipwa na jamaa zake wa kiume wa upande wa baba, kwa muda wa miaka mitatu. Idadi ni ngamia 100 kwa mwanamume na nusu yake kwa mwanamke. Uzito na wepesi umo katika umri wa wanyama. Dia nyepesi ni ngamia 20 wa kila aina kati ya aina tano: majike wa mwaka mmoja, majike wa miaka miwili, madume wa miaka miwili, majike wa miaka mitatu na majike wa miaka minne. Dia nzito ni majike 30 wa miaka mitatu, 30 wa miaka minne, na 40 wenye mimba. Mtumwa hakuwa na dia. Alilipiwa thamani yake ya sokoni, na aliyepokea ni bwana wake. Hilo nalo tuliseme waziwazi, maana pwani hii ilikuwa na watumwa wengi.

Juu ya dia kuna kafara. Msomaji wa leo akisikia kafara hufikiria kuku mweusi njia panda. Katika sheria, na katika Sura ya An-Nisaa aya ya 92, ni jambo jingine: aliyeua kwa bahati mbaya amwache huru mtumwa muumini, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Dia ni ya jamaa wa maiti. Kafara ni baina ya muuaji na Mola wake, wala jamaa zake hawawezi kumlipia. Kiswahili kimelichukua neno kikaliweka katika uganga, nasi hatuna ugomvi na hilo. Lugha hufanya itakavyo. Lakini mwalimu anayefundisha maneno ya mkopo asiliache bila kulieleza.

Jamaa hao wanaolipa huitwa kwa Kiarabu akila. Neno hili ni ndugu wa akili. Mzizi wake una maana ya kufunga, hasa kumfunga ngamia goti asiondoke. Watunga kamusi wa Kiarabu wanasema malipo ya damu yaliitwa hivyo kwa kuwa ngamia waliletwa wakafungwa uani kwa jamaa wa maiti, na akili ikaitwa hivyo kwa kuwa humfunga mtu asitende upumbavu. Tukiwa katika mizizi, tutaje pia kwamba kisasi, kisa na mkasi ni watoto wa mzizi mmoja, k-s-s, wenye maana ya kukata na ya kufuata nyayo. Anayesimulia kisa hufuata nyayo za tukio. Anayelipa kisasi hufuata nyayo za damu.

Turudi kwenye malipo. Kitabu kinaweka kiwango cha kila mtu katika akila: tajiri atoe nusu dinari kwa mwaka, wa kati robo dinari, na maskini asitozwe. Baba wa muuaji na wanawe hawamo katika hesabu. Sasa tupige hesabu kidogo. Kauli ya zamani ya Imamu Shafii ilikuwa kwamba wakikosekana ngamia dia ni dinari 1,000 au dirhamu 12,000. Kauli yake mpya ni kwamba italipwa thamani ya ngamia kwa sarafu ya mji. Tukichukua ile ya zamani kwa ajili ya mfano, tajiri mmoja atakuwa ametoa dinari moja na nusu kwa miaka yote mitatu. Basi ili dia moja itimie wanatakiwa matajiri 667, au watu wa kati 1,334. Wakipungua, deni hupanda kwa jamaa wa mbali zaidi, kisha kwa hazina ya Waislamu, na hazina isipokuwapo humrudia muuaji mwenyewe.

Msomaji anayeijua Koyama au Chovai ataona mara moja ugumu ulipo. Visiwa vyenye vijiji vya wavuvi, ambako utajiri ni dau, nyavu, minazi na kasa waliovuliwa kwa msaada wa samaki taza, vitatoa wapi matajiri 667 wa ukoo mmoja? Hazina ipi ilikuwako Chula? Sheria ilikuwa timilifu kitabuni, na haki ya Mbajuni ilikuwa kamili ndani yake, sawa na ya mtu yeyote. Lakini iliandikwa kwa watu wenye koo pana na mifugo mingi. Ndiyo maana mlango wa suluhu na wa msamaha ulikuwa na umuhimu mkubwa, na sheria yenyewe iliuacha wazi: wenye damu wanaweza kusamehe dia yote, au sehemu yake, au kupatana kwa mali nyingine.

Pamoja na hayo, kuna sehemu za mlango huo ambazo zingemfanya mvuvi wa Kibajuni aketi vizuri na kusikiliza, maana zinamhusu yeye kuliko mchunga ngamia. Nawawi anauliza: vyombo viwili vikigongana baharini, nani analipa? Jibu ni kwamba vyombo ni kama wanyama wawili, na manahodha wake, ikiwa vyombo ni vyao, ni kama wapandaji wawili. Wakifa wote wawili bila kukusudia, akila ya kila mmoja hulipa nusu ya dia ya mwenziwe, kwa sababu kila mmoja amekufa kwa kitendo chake mwenyewe na kwa kitendo cha mwingine. Lakini je, kama ulikuwa upepo? Wafafanuzi wa kitabu wanasema kauli yenye nguvu ni kwamba, upepo ukiwashinda manahodha kabisa, hawadaiwi. Na wakibishana na wadai kama kweli walishindwa au walizembea, kauli ya nahodha hukubaliwa kwa kiapo. Anayejua bahari ile wakati wa kusi, na miamba iliyo baina ya visiwa na bara, atafahamu kwamba swali hilo halikuwa la darasani tu.

Vilevile chombo kinapotaka kuzama. Inaruhusiwa kutosa shehena, na inakuwa wajibu kuitosa ikiwa ndiyo njia ya kuokoa roho za abiria. Lakini aliyetosa mali ya mwingine bila idhini yake atailipa. Roho inatangulia mali, na bado mwenye mali hajapoteza haki yake. Sisi tunaona uamuzi huu ni wa busara kuliko sheria nyingi za bahari zilizokuja baadaye.

Na kisima! Aliyechimba kisima katika kiwanja chake, mtu akatumbukia, hadaiwi. Aliyekichimba katika njia nyembamba ya watu, kikidhuru wapitao, anadaiwa. Aliyejenga ukuta ulioinamia njiani atalipia utakachokiangukia. Katika vijiji vya nyumba za mawe ya matumbawe, ambako maji ya kunywa yalitoka visimani, haya ni mambo ya kila siku.

Bara hali ilikuwa nyingine. Wasomali wana sheria yao ya mapatano, xeer, inayotamkwa kama heer kwa sauti ya h ya kooni, na malipo ya damu kwao huitwa mag. I. M. Lewis, aliyefanya utafiti kaskazini mwa nchi hiyo katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake maarufu mwaka 1961, alieleza kwamba kila mwanamume ni mwanachama wa kundi linalolipa na kupokea mag kwa pamoja, lenye watu kuanzia mia kadhaa hadi elfu kadhaa. Idadi ya ngamia ni ile ile, 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, ingawa koo mbili zinaweza kupatana vingine. Sehemu moja huwaendea au hutolewa na jamaa wa karibu, na iliyobaki hugawanywa kundi zima.

Kwa haraka mtu anaweza kusema mag ni dia kwa Kisomali. Tofauti ni kubwa. Kitabuni, muuaji wa makusudi hujilipia mwenyewe. Akila humsaidia aliyeteleza tu. Katika mag, kundi hulipa hata kama mtu wao aliua kwa makusudi, na hupokea hata kama maiti wao alikuwa mchokozi. Hapo damu ni deni baina ya makundi, na hakuna kadhi anayelidai. Anayelidai ni kundi, kwa sababu linaweza kwenda vitani lisipolipwa. Mwenye kundi dogo ana chaguo moja: kujibandika kwenye kundi kubwa. Wasomali wana neno la hali hiyo, sheegad, mtu anayejitaja kwa ukoo wa wengine. Wakulima wa Gosha, kandokando ya Mto Juba, wengi wao wazao wa watumwa, walijiunga na koo za Kisomali kwa njia kama hiyo wakapata kinga ya mag. Miongoni mwa Wabajuni nako zimo koo zenye kusimulia asili ya Kisomali, hasa ya Wagarre. Wanahistoria wamebishana sana kama masimulizi hayo ni ya kweli. Sisi tungependa waulize pia yalikuwa na faida gani siku ya kudai damu.

Serikali za kigeni zilileta sheria ya tatu. Kisimayu ilikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, kisha ikaingia katika Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliyotangazwa mwaka 1895. Waingereza walileta Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Kwa kanuni hiyo muuaji hunyongwa au hufungwa, na kesi ni ya serikali; mjane na mayatima hawapati kitu. Lakini Naibu Kamishna Jenner alipouawa na Waogadeni Novemba 1900, serikali hiyo hiyo ilituma jeshi mwaka 1901 na kutoza ukoo mifugo. Waingereza waliita faini. Kwa mtu wa bara, ilifanana mno na mag, isipokuwa kwamba hii ilidaiwa kwa bunduki na mshahara wa damu uliingia hazina.

Mwaka 1925 Jubaland ilikabidhiwa kwa Italia. Wabajuni wakakatwa vipande viwili: wa Kiunga na visiwa vya Lamu wakabaki Kenya, wa Chovai na Koyama wakawa chini ya Roma. Upande wa Kenya malipo ya damu yaliendelea kimyakimya miongoni mwa Wasomali wa kaskazini, na Azimio la Modogashe la mwaka 2001 liliandika tena ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu kesi moja ya mauaji iondolewe kwa kuwa familia mbili zilikuwa zimelipana, huku Katiba ya mwaka 2010 ikitajwa kwa kutambua njia za jadi za kusuluhisha. Wanasheria walipiga kelele sana.

Upande wa Somalia, serikali ya Siad Barre iliyotwaa madaraka Oktoba 1969 iliamua kuung'oa ukabila. Mapema mwaka 1971 sanamu za ukabila zilichomwa na kuzikwa hadharani. Malipo ya ukoo mzima yalipigwa marufuku, na kanuni ya madai ya mwaka 1973 ikaifunga dia kwa jamaa wa karibu. Kwa jamii ndogo kama Wabajuni hilo lilikuwa na sura ya nafuu: kama kila mtu ni raia tu, mwenye ukoo mdogo hana hasara. Nafuu hiyo iliishi muda ule ule ambao dola iliishi.

Januari 1991 dola ilianguka. Polisi, mahakama na kanuni zikaondoka kwa pamoja, kikabaki kile ambacho serikali ilikuwa imekizika: kundi la mag. Kila aliyekuwa na kundi alirudi kwake. Wabajuni hawakuwa na wanamgambo, wala kundi la kwenda kudai. Wenye silaha waliwavamia Kisimayu na visiwani, wakapora madau, mashine na nyavu, wakaua. Hakuna aliyewalipa, kwa sababu hakuna aliyeogopa kutolipa. Dia ambayo kitabuni ilikuwa ngamia 100 kwa kila mmoja wao, kama kwa Mwislamu yeyote, ilikuwa haina wa kuidai. Maelfu walikimbia kwa vyombo hadi Kenya, wengi wakaishia kambi ya Jomvu karibu na Mombasa. Ilipofungwa katika miaka ya 1990 wengine walirudishwa visiwani, kwenye makazi yale yale wasiyo na mlinzi.

Sehemu inayofuata inatugusa sisi walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Baadhi ya wakimbizi hao walifika Uingereza wakaomba hifadhi. Hoja yao ilikuwa ni hii tuliyoieleza: sisi ni Wabajuni, hatuna ukoo wa kutukinga wala wa kudai damu yetu. Septemba 2000 ujumbe wa pamoja wa Uingereza, Denmark na Uholanzi ulikuja Nairobi kukusanya maelezo ya jamii ndogondogo za Somalia, Wabajuni wakiwamo. Basi likabaki swali la kuthibitisha kwamba mwombaji ni Mbajuni kweli, na si Mswahili wa Mombasa au Unguja anayetafuta maisha. Hati hawana, ushahidi ukawa ulimi. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi ambao kichwa chake kinautaja uwezo wa kusema Kibajuni. Je, Mbajuni asiyejua Kibajuni anaweza kuwako?

Swali ni gumu kuliko linavyoonekana. Katika Kibajuni, t ya lahaja nyingine husikika kama ch, hivi kwamba mtu ni mchu na tatu ni chachu. Mzee wa Chula hataficha sauti hiyo hata akitaka. Lakini kijana aliyezaliwa visiwani mwaka 1985, akakimbia akiwa na miaka sita, akakulia Jomvu na Kisauni akicheza na watoto wa Kimvita, atasema mtu na tatu kama wao. Amepoteza lahaja kwa sababu ile ile iliyompa haki ya hifadhi. Derek Nurse, ambaye wanafunzi wetu wanamjua kwa kazi zake za lahaja za kaskazini, ameandika kwa kirefu juu ya Kibajuni cha Somalia, na maelezo yake sasa yanasomwa na watu ambao hawana haja na fonolojia hata kidogo.

Tungependa mwaka huu wanafunzi wanaotoka Lamu, Kiunga na Mombasa, wenye jamaa waliovuka kutoka visiwani, wawaulize wazee wao maneno ya kesi na suluhu: aliyeuawa alilipiwa nini, malipo hayo yaliitwaje, nani aliyakusanya, na yaligawanywa vipi. Yaandikwe kwa matamshi yao wenyewe bila kusanifishwa, pamoja na jina la kijiji. Majina ya watu waliohusika na kesi yasiandikwe. Madaftari yapokewe ofisi ya idara kabla ya likizo.